Nyoka Mumoja wa Cimpunda

Mujukuu wangu Pacifique,

Nakusalimia na furaha yote. Huku Cimpunda tuko wazima, na mama yako anashona vikwembe vya ndoa yako mpaka anasahau sufuria ku moto. Unaniuliza kama parcelle yetu, hiki kiwanja cha nyumba, iko na nyoka, maana muchumba wako anawaogopa. Mimi nilionaka mumoja tu.

Wakati wa Zaïre kravati, ile tai ya shingo ya kizungu, ilikatazwa, lakini babu yako alikataa kutupa yake ya ndoa, ya kijani yenye madoa. Aliificha chini ya kuni. Siku moja ya salongo, ile kazi ya usafi ya lazima, majirani wakaondoa zile kuni. Mumoja akapiga kelele: "Nyoka!" Fimbo zikashuka. Mimi niliogopa, maana chef wa avenue, mukubwa wa serikali ku njia yetu, alikuwa palepale.

Akaigeuza na kiatu, akatuangalia mimi na babu yako muda murefu.

"Amekufa," akasema. "Maman, umuzike mwenyewe."

Tulifunga mulango, tukacheka mpaka machozi.

Huyo nyoka iko ndani ya enveloppe hii. Nimemufua, nimemupiga pasi. Umuvae siku ya ndoa.

Koko yako