Baba, Nimenunua Matairi ya Kupandia Ikinga

Baba mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, na mbele ya mashahidi wawili, yaani mke wangu Mama Tuntufye na jogoo wa jirani asiyejua mipaka, natangaza rasmi kwamba mimi, mwanao wa kwanza, nimenunua matairi. Ni matano, pamoja na la spea. Ni meusi. Ni ya duara. Hapakuwa na hotuba wala mgeni rasmi, ila Mama Tuntufye alitoka jikoni na mwiko mkononi, akalizunguka gari mara moja, akasema, "Kumbe na wewe kuna siku unamsikia baba yako." Akarudi kwenye ugali wake.

Najua ungecheka kile kicheko chako cha puani. Miaka yote ulinihubiria habari za matairi kama mchungaji mwenye muumini mmoja tu, na huyo mmoja amesinzia. Basi muumini ameamka. Ibada imekwisha na mhubiri amekwenda zake, lakini ameamka.

Kesho asubuhi tunakujengea kaburi. Lusekelo amekwisha kusomba mawe na mchanga, nami nakuja na saruji na msalaba. Mdogo wangu ananisubiri kwa heshima zote anazostahili kaka mkubwa, na hapo ndipo penye shida, baba. Kuna jambo la siku ile ulipobebwa kwenye machela kutoka Ikinga. Wewe ulilijua, mimi nalijua, Lusekelo halijui. Kesho nataka alijue. Ndiyo maana barua hii naiandika wazi, kila mtu aisome, ili nikiwa njiani nisipate mahali pa kugeuzia gari.

Lakini niruhusu nianze na matairi. Wewe mwenyewe ulikuwa huanzi na jambo zito kabla hujauliza habari za mahindi.

Nilikwenda kwenye duka moja hapa Tunduma, kando ya foleni ya malori. Mwenye duka ni mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi. "Karibu mukwai," akaniambia. Wauzaji wa mpakani wamezoea wateja wa Zambia hata kila mwenye kitambi siku hizi ni mukwai, yaani bwana kwa lugha ya huko. Akatoka nje kulitazama gari, kisha akanitazama mimi.

"Rimu zinang'aa hivi, unazipeleka wapi? Harusini?"

Baba, nilihisi umemtuma.

"Naenda Ikinga," nikasema.

"Ikinga ya Ileje?"

"Hiyohiyo."

"Kwa haya?" Akaligonga tairi langu la zamani kwa ncha ya kiatu. "Haya ni ya kuendea benki, mzee wangu."

Nikamwonyesha yale niliyoyapenda mimi, yenye meno makubwa kama ya fisi, yale ambayo ukiegesha mbele ya watu hawaulizi una cheo gani. Akatikisa kichwa. "Hayo ni ya mtu anayeishi matopeni. Kwenye lami yanavuma mpaka unashindwa kusikia mkeo anasema nini."

"Hiyo kwangu si hasara."

"Nitamwambia," akasema, akacheka. "Wewe njia yako ni lami mpaka Isongole, halafu udongo na mawe. Chukua la njia zote. Lina meno ya kung'ata, lakini lina adabu barabarani."

Ndipo nikafanya ulivyonifundisha. Nilichuchumaa, magoti yakalia kama mlango wa kanisa, nikatafuta ubavuni zile tarakimu nne za wiki na mwaka, maana tairi linaweza kuwa na meno mapya na mpira wa kizee. Nikakandamiza ukucha kuona kama mpira unarudi. Nikauliza uzito linaoweza kubeba, na kama ubavu ni mgumu wa kustahimili ncha za mawe. Alipoleta saizi pana zaidi, akisema gari litapendeza, nikakataa. Jembamba hukata tope likatafuta ardhi, pana huelea juu yake. Mama yule akavua miwani.

"Nani alikufundisha haya?"

"Baba yangu. Alikuwa dereva."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Yuko Ikinga," nikasema. Wala sikudanganya.

Unazikumbuka Jumamosi zetu? Ulikuwa unaendesha lile gari la misheni, lililobeba kahawa msimu wa kahawa na wagonjwa misimu yote. Ukiliegesha uani, unanipa msumari butu nichokonoe vijiwe kati ya meno ya tairi, kimoja kimoja, nawe umekaa juu ya debe ukisimulia kila kijiwe kimetoka wapi. Lusekelo hakuwahi kuyapenda magari. Alikuwa anakimbilia kwa mama, kwenye miche ya kahawa. Kwa hiyo somo lile lilikuwa la kwangu peke yangu, na nililiona la kuchosha.

"Mtu akikwambia alikotoka, msikilize," ulisema. "Ukitaka kujua alikotoka, tazama matairi yake."

Na siku ile mnunuzi wa kahawa alipokuja na kofia yake, akiwaambia wazee kwamba ametoka kukagua mashamba ya juu kabisa, wewe ulizunguka gari lake mara moja ukaninong'oneza, "Huyu hajapanda popote. Kati ya meno kuna nyasi za uwanja wa mpira." Nilicheka hadi nikafukuzwa.

Pia ulinifundisha kupunguza upepo udongo unapoanza kuteleza, tairi likae chini, lishike. Hukuwa na kipimo. Ulikuwa unabonyeza kijiti kwenye valvu huku unaimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, ubeti mmoja kwa kila tairi, na ubeti ukiisha unaacha. Wagonjwa waliolala nyuma walikuwa wanaitikia kibwagizo.

Nilipokuja kukuonyesha hili gari, jipya kwangu ingawa lilikuwa na uzee wake kwingine, lilikuwa na matairi mapana ya lami na rimu za kujitazamia. Ulilizunguka kimya, mikono nyuma.

"Gari zuri," ukasema. "Linavuta kwa magurudumu yote manne, lakini umelivalisha viatu vya ubatizo."

"Baba, mimi nakaa mjini. Kazi yangu ni makaratasi ya forodha. Lami inanitosha."

"Lami inakutosha," ukarudia taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha ukasema neno ambalo nililigeuza mzaha huku Tunduma kwa miezi mingi. "Tairi usilichagulie njia unayopita kila siku, mwanangu. Lichagulie njia utakayoitwa."

Niliwaambia wenzangu ofisini kwamba mzee wangu anataka nifunge matairi ya trekta. Walicheka. Na mimi nilicheka, tena kuwazidi.

Sasa hivi naandika nimekaa barazani, gari liko mbele yangu. Viatu vyake vipya vimelipandisha kidogo, na mimi najiona nimeshuka. Nilidhani nikiyanunua nitapata nafuu. Nimepata matairi. Daktari alituambia kwamba zile saa hazikubadilisha chochote, kwamba hata ungefika asubuhi yangekuwa yaleyale. Nimeishika kauli hiyo kama mtoto anavyoshika upindo wa nguo ya mama yake sokoni. Lakini daktari alikuwa anazungumzia mapafu yako. Hakuulizwa habari zangu.

Kesho pale Isongole lami inapoisha nitashuka, nitapunguza upepo, ubeti mmoja kwa kila tairi, sauti yangu ikiwa hii unayoijua. Nikifika nyumbani sitaosha kitu. Nitamwita Lusekelo ayatazame matairi kwanza, kisha nitamsomea kinachofuata. Anaweza kukasirika, ana haki. Anaweza kuniambia nishushe saruji nirudi nilikotoka, na hapo pia ana haki. Ninachoogopa zaidi ni kwamba atanyamaza, kama ulivyonyamaza wewe.

Habari ambayo ukoo mzima unaijua ni kwamba siku ile mvua ilinyesha, nikaja mbio, nikafika mtoni chini ya Ikinga, matairi yakateleza, nikakwama, nikarudi nyuma. Nimeisimulia mara nyingi hata nasikia magurudumu yakizunguka bure.

Hii ndiyo habari yenyewe.

Lusekelo alipiga simu asubuhi. "Kaka, baba anapumua kwa shida. Njoo na gari." Nikasema nakuja, na kweli nikaondoka Tunduma. Nilifika Mpemba. Palikuwa pakavu, ila huko mbele milima ya Ileje ilikuwa imefunikwa na wingu jeusi. Nikasimama ninywe chai, ili mvua ipungue. Hilo ndilo nililojiambia. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na riboni nyeupe, kwa kuwa Jumamosi gari langu lilikuwa limchukue bibi harusi wa mfanyakazi mwenzangu, na nilikuwa nimelipeleka kung'arishwa jana yake. Nilitazama wingu, nikatazama rimu. Nikaagiza chapati.

Lusekelo akapiga tena. Nikamwambia niko njiani, njia mbaya. Akapiga mara ya tatu. "Kaka, umefika wapi?"

"Mtoni," nikasema. "Nimekwama. Natafuta namna ya kurudi nyuma."

Mbele yangu kulikuwa na sahani na nusu chapati.

Kisha akasema, "Basi usijiumize, kaka. Rudi taratibu. Sisi tutambeba."

Walikubeba, wakipokezana, na nusu ya wale wanaume mama zao uliwahi kuwapeleka hospitali wewe. Wakakufikisha hadi palipokuwa na lori la mahindi, nalo likakuteremsha Isongole. Lusekelo akanipigia nije nikupokee hapo, kwenye lami.

Kabla ya kuondoka Mpemba, nilizunguka nyuma ya pale wanapooshea magari, nikakunja mikono ya shati, nikachota matope ya mtaroni kwa viganja, nikayapaka matairi yote manne. Kijana mwosha magari alinitazama na dekio lake mkononi. "Bosi, wenzako wanatuletea matope. Wewe unayachukua?"

Nikanawa mikono kwenye ndoo yake, nikawasha gari.

Pale Isongole nilimkuta Lusekelo ana udongo hadi mapajani. Alilitazama gari, akanitazama. Hakupaza sauti. "Kaka, sisi mto tumeuvuka. Hatukuona alama ya tairi hata moja."

Watu wote waliokubeba walikuwa wamesimama pale. Wewe ulikuwa umelala chini ya blanketi, ukainua kichwa kidogo, ukalitazama gurudumu la mbele. Ulilitazama muda wa ubeti mzima. Kisha ukasema, kwa pumzi ile ndogo iliyokuwa imebaki, "Mwache kaka yako, Lusekelo. Matope nimeyaona. Alifika."

Lusekelo akainamisha macho. Na siku ya mazishi yako, mbele ya wazee, alisimama akaniomba msamaha kwa kunishuku. Nikampa mkono. Nikamwambia yamekwisha. Baba, mdogo wangu aliniomba radhi kwa kosa langu, nami nikaipokea.

Tuliondoka Isongole, wewe umekaa mbele nami, kiti umekilaza, Lusekelo amelala nyuma juu ya riboni kwa uchovu. Tulikwenda mwendo mrefu hujasema neno. Nilikuwa naendesha polepole, nikidhani umesinzia. Tulipokuwa tunakaribia Mpemba ulifumbua macho, ukatazama mtaro unaopita kando ya barabara, mweusi kama masizi ya chungu.

"Matope ya kwetu ni mekundu, mwanangu," ukasema.

Ukaweka mkono wako juu ya wangu, kwenye gia, ukauacha hapo hadi hospitali.

Pumzika, baba. Kesho naja.

Ni mimi, mwanao wa kwanza, ambaye siku ile hakufika.