Nilimtaja Faraji kwa jina

Alhamisi. Mvua nyembamba tangu alfajiri, na chai yangu imepoa mezani bila kuguswa.

Leo mswada umepita kwenye kamati. Ukiwa sheria, kila polisi wa jimbo letu huku ughaibuni atatakiwa kubeba ile dawa ya kupuliza puani, inayomzindua mtu aliyezidisha dawa za kulevya. Nilipaswa kufurahi.

Mdogo wangu Faraji yu hai kwa sababu ya dawa hiyo. Mwaka jana alianguka kwenye maegesho ya magari mjini Wheaton, midomo imeshageuka rangi. Askari wa kike aliyefika alikuwa nayo mfukoni. Angefika mwingine asiye nayo, ningekuwa na kaburi la kuzuru.

Ndiyo maana, wiki iliyopita, walioupigania mswada waliponiomba nikatoe ushuhuda mbele ya kamati, sikusita. Waliniambia si lazima nitaje jina.

Nikalitaja. Jina lake na la baba.

Mwenyekiti aliponiuliza, "Na sasa anaendeleaje?" nikavimba kichwa kwa fahari. Nikasema ameacha kabisa, anafanya kazi ya mabomba mjini Laurel, hata gari amenunua. Watu wakapiga makofi. Nami nikalia, na kusema kweli nilipenda kutazamwa nikilia.

Video ilifika kwenye kundi letu la simu la watu wa pwani kabla sijarudi nyumbani. Kutoka hapo ikafika Mombasa, anakoishi Mama.

Mama alikuwa hajui. Tulimwambia Faraji alilazwa kwa nimonia.

"Mwanangu alikufa akafufuka," Mama aliniambia kwenye simu, "nami naambiwa na jirani?"

 

Kazini kwa Faraji nako waliiona video. Bosi wake alimwambia apumzike kidogo, atampigia. Hajampigia.

Jumapili Faraji alikusanya nguo zake, akahama kwangu na kwenda kwa rafiki yake, mjini Falls Church. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisimama mlangoni na begi, akasema, "Ungeniuliza tu, dada. Ningekukubalia mengi. Lakini ungeniuliza."

Nilimjibu kwamba nilifanya kwa ajili ya wengine. Ni kweli, lakini haikuwa saa ya kusema hayo. Alikuwa anataka neno moja tu, nami nikamhutubia kama vile bado niko mbele ya kamati.

Sijutii mswada. Hilo ndilo linalonichanganya. Naujutia mdomo wangu.

Mchana huu wamenipigia tena. Wanataka nikazungumze mbele ya baraza la pili la bunge. Nikasema nitawajibu. Halafu nikampigia Faraji, nikiwa na hakika hatapokea.

Akapokea.

"Nisamehe," nikasema kwanza, kabla ya salamu. Kisha nikamweleza. "Wamenialika tena. Niende?"

 Nyuma yake nilisikia televisheni ya rafiki yake.

"Nenda," akasema. "Watu wasife. Lakini mimi usinitaje. Sema mtu mmoja."

"Mtu mmoja," nikarudia.

"Ehe. Mtu mmoja tu, unayemjua."

Akakata simu kabla sijamuuliza kama amekula.