Jina Nililoliandika Tarehe 27 Februari

MAELEZO YA SHAHIDI
Dawati la Upelelezi

Shahidi: Mwanamke, miaka 39, kazini huitwa Mama Rejista
Kazi: Mtunza stoo na karani wa karakana ya vifaa vya umeme
Elimu: Kidato cha nne
Makazi: Nyumba iliyo nyuma ya karakana hiyo
Uhusiano: Dada wa mtuhumiwa (fundi aliyekibuni kigari), mke wa majeruhi
Tarehe na saa: 18 Juni, saa tatu na robo asubuhi

Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, nami nimeelewa. Nina shajara ninayoiandika kila siku kwa mwaka wa kumi na sita sasa. Nimeruhusiwa kuitazama ninapoeleza.

Karakana yetu ina watu wanane. Waanzilishi ni wawili: kaka yangu wa tumbo moja, ambaye ni fundi, na mume wangu, ambaye wafanyakazi humwita Profesa kwa sababu ya miwani na maneno mengi. Tunatengeneza kigari kidogo cha magurudumu manne kinachotafuta mabomu yaliyofukiwa ardhini. Aliyekibuni ni kaka. Kila waya uliomo aliulaza yeye. Mume wangu ndiye msemaji wetu, mwandika barua na mvaa tai.

Mnamo tarehe 9 Juni mwaka jana, saa tisa alasiri, kaka alikuwa ameinama kwenye shimo la mchanga nyuma ya karakana akirekebisha baruti ndogo ya majaribio. Mtu alibonyeza swichi ya rimoti kabla kaka hajaondoka. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikatika na cha tatu kikawa hakikunjiki. Kimoja nilikiokota mimi mchangani, nikakifunga kwenye kitambaa cha kufutia mashine. Rimoti ilikutwa mezani. Walikuwepo wanaume wanne, na hakuna aliyesema ni yeye.

Kesho yake tukaweka utaratibu: anayebonyeza swichi ndiye anayesaini rejista ya majaribio, ili jambo likiharibika mkono ujulikane. Kaka hakuweza tena kushika rimoti vizuri. Kwa hiyo tangu siku hiyo alibonyeza mume wangu, na kaka alilala kifudifudi nyuma ya magunia ya mchanga akikitazama kigari chake na kupaza sauti, "Kulia, shemeji! Kulia, nimesema! Au kwenu kulia ni huko?" Watu walicheka. Majaribio yalikuwa arobaini na moja. Saini zote arobaini na moja ni za mume wangu.

Mnamo tarehe 3 Februari mwaka huu wizara ilitangaza fursa ya fedha za utafiti wa ulinzi kwa kampuni ndogo za teknolojia, zenye watu wasiozidi ishirini. Masharti yalikuwa na kurasa kumi na nne. Sharti la tisa lilisema kampuni itaje mtafiti mkuu mmoja, na jina hilo lithibitishwe na rejista ya majaribio. Huyo peke yake ndiye angeingia na kifaa kwenye uwanja wa jeshi na kukisimamia kwa miaka miwili. Mwingine yeyote asingekigusa.

Kaka hakuyasoma. Aliniambia, "Mdogo wangu, karatasi ni zenu. Mimi niachieni chuma."

Fomu niliijaza mimi tarehe 26 na 27 Februari. Kwenye nafasi ya mtafiti mkuu nilinakili jina lililokuwa kwenye rejista, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea kufanya kazi: kilichosainiwa ndicho ninachonakili. Tarehe 27, saa moja jioni, nikiwa narudia kusoma, niligundua kwamba jina la kaka halimo popote katika kurasa zote. Nilimwambia mume wangu. Alijibu, "Tukibadilisha, tutaulizwa mbona hajasaini hata mara moja. Dirisha la maombi linafungwa kesho saa sita mchana. Tuma, tutarekebisha tukishapita." Nilituma saa mbili kasoro dakika tano. Jambo hilo liko kwenye shajara, na chini yake nimeandika: "Sijamwambia kaka."

Tarehe 20 Mei tulijulishwa kwamba tumepita. Kaka alinikumbatia mpaka nikadai pumzi. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia siku hiyo na siku ishirini na saba zilizofuata.

Jana, tarehe 17 Juni, saa nne na dakika kumi asubuhi, walifika mkaguzi kutoka wizarani, mama mmoja mpole, na askari wawili wa jeshi wenye lori. Kaka alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati jipya. Alikuwa akifunga betri ya kigari wakati mkaguzi alipouliza, "Mtafiti mkuu ni nani?" Mume wangu alisogea mbele. Mkaguzi akamwangalia kaka. "Na huyu?"

Mume wangu alisema, "Huyo ni msaidizi wangu."

Mkaguzi alisema, "Samahani, baba. Asiye kwenye orodha asiguse kifaa." Kaka aliondoa mikono juu ya kigari, akarudi nyuma hatua mbili na kuiweka mifukoni. Lori liliondoka na kigari saa tano kasoro dakika tano. Mume wangu alitakiwa awafuate saa saba mchana. Wafanyakazi wengine walitoka kunywa chai. Ndani tulibaki watatu, na mlinzi alikuwa getini.

Saa tano na dakika kumi na nane kaka alimfuata mume wangu mezani.

"Shemeji, ule mkono wa mbele una nyaya ngapi?"

"Hayo ni ya ufundi, bwana. Tusianze."

"Mtafiti mkuu hajui nyaya? Basi niambie rangi moja tu. Moja."

"Ulitaka niandike nini? Mwenye vidole vitatu atasaini mkataba gani?"

Kaka alitabasamu. Akasema, "Ile swichi ya tarehe tisa ulibonyeza wewe. Nilikuona. Nilinyamaza kwa ajili ya dada yangu."

Hilo nilikuwa silijui. Mume wangu hakulikana.

Kaka alimpiga kichwa cha pua. Miwani ilivunjika na damu ikatapakaa kwenye tai. Alimkamata kwa tai hiyo, akamburuta hadi kwenye jiliwa, kile chuma kilichofungwa mezani cha kubania vitu vinavyokatwa, akautia mkono wa kulia wa mume wangu katikati ya meno ya jiliwa na kukaza. Alizungusha mpini kwa mkono wake wa kushoto, ambao ni mzima. Mzunguko wa kwanza mume wangu alitukana. Wa pili alimwita mama yake. Wa tatu nilisikia mifupa. Sauti ya mifupa ikivunjika si kubwa kama mtu anavyodhani.

Mume wangu alishika bisibisi kwa mkono uliobaki, akamchoma kaka begani na kisha shavuni. Kaka hakuliachia jiliwa. Mlinzi, ambaye ni mtu mzima, aliingia mbio na kumkamata kiunoni. Kaka alimpiga nondo fupi iliyokuwa mezani, mfupa wa bega ukavunjika, mlinzi akaanguka kando ya ndoo. Mimi nilichukua mtungi wa kuzimia moto nikampiga kaka yangu mgongoni mara mbili kwa nguvu zangu zote. Hakugeuka hata kutazama ni nani. Aliushika mpini kwa mzunguko wa nne.

Ndipo nikasema, "Kaka, jina niliandika mimi."

Aliacha kuzungusha. Akauliza, "Lini?"

"Tarehe ishirini na saba Februari. Saa moja jioni nilijua kosa. Saa mbili kasoro dakika tano nikatuma."

"Umeiandika kwenye daftari lako?"

"Nimeiandika."

Alinitazama, damu ikimtiririka shavuni hadi kwenye shati jipya. Kisha akazungusha mpini upande wa pili, polepole, kama afanyavyo anapotoa kitu asichotaka kukiharibu. Mume wangu aliteleza hadi sakafuni. Kaka akaketi karibu naye, akaweka mikono magotini na kungoja. Saa ilikuwa tano na dakika ishirini na sita. Niliwapigia simu polisi na hospitali. Alipofungwa pingu hakubisha. Askari alipata taabu kuikaza upande wa kulia, wenye vidole pungufu.

Daktari amemkata mume wangu vidole vinne. Kimebaki gumba.

Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa kitandani kwake hospitalini. Alisema, "Ukurasa wa Februari uchane. Sema alitushambulia bila sababu." Saa moja na dakika tano mama yangu alinipigia simu. Alisema, "Mwanangu, sema aliuweka mkono mwenyewe, mashine ikambana. Huyo ni ndugu yako, mume ni mtu wa kuja." Wote wawili niliwajibu kwamba nimesikia.

Shajara ninaikabidhi nzima. Mkaguzi akitaka kuiona, apewe.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyafanya. Nimesomewa na ni sahihi. Kwetu anayebonyeza ndiye anayesaini, nami nasaini.

(Saini ya shahidi)

Maelezo ya ofisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi, mpelelezi wa zamu, na kumsomea shahidi. Alisahihisha sehemu moja: niliandika "mtuhumiwa", akaomba niongeze "fundi aliyekibuni kigari". Nimeongeza. Shajara imepokelewa kama kielelezo. Kurasa zimehesabiwa mbele yake, hakuna iliyochanwa. Kabla ya kuikabidhi aliomba kuandika ya leo. Aliandika tarehe na saa, akakaa na kalamu mkononi kwa dakika sita, kisha akaifunga shajara bila kuongeza neno.