Mtani Asiyetutukana Tena

Gongoni,
Tabora.
8 Juni 2025

Mpendwa kaka Revocatus,

Shikamoo. Habari za Winnipeg na baridi yake? Wifi Jeska hajambo? Na Tobia, bado anaukataa ugali? Sisi huku tu wazima wa kujikongoja. Mgongo unamsumbua mama, maana baba ni mzito kumgeuza. Mimi nimechoka, kaka, nimechoka hata usingizi wenyewe unanikimbia.

Uliuliza mambo yalikwendaje siku ile. Kwenye simu nalia kabla sijafika popote, ndiyo maana naandika.

Tulikuwa Dar es Salaam, arusi ya mjukuu wa Mzee Mfaume. Baba akakaa kwenye mkeka wa bibi arusi, akasema hainuki mpaka Wazaramo wampe kichwa cha mbuzi. Unamjua. Miaka thelathini ya ujirani hapa Gongoni, yeye na Mfaume hawajasalimiana bila kutukanana, utani wa Mnyamwezi na Mzaramo. Mara maneno yakaanza kumburuzika, mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalala. Mfaume akapaza sauti, "Mwoneni Mnyamwezi, mbuzi hajamla, kashalewa!" Watu wakaangua kicheko. Tulidhani anaigiza. Ilipita karibu nusu saa, mpaka mate yalipomchuruzika.

Hospitalini wakasema ni kiharusi, donge la damu limeziba mshipa wa ubongo. Wangeingiza mrija mwembamba kwenye kinena, upenye ndani ya mshipa hadi kichwani, ulivute lile donge. Nikatia saini.

Daktari alisema kwa wengi mrija hufika upesi. Kwa baba haukufika. Mishipa yake ya kifuani na shingoni imejipinda, mmoja umejizungusha pete nzima. Alinichorea kwenye karatasi, nikaona kama mpira wa kumwagilia bustani uliotupwa uani. Kila wakisukuma, mrija unajikunja na kurudi kifuani. Wakajaribu kupitia mkononi, ukakwama. Wakarudi kinenani na mrija mgumu zaidi wa kuushikilia ule mwembamba. Donge lilitoka baada ya saa mbili kasoro. Mguu ulipona kidogo, lakini mkono na maneno vilikuwa vimekwenda.

Umri na presha ya miaka mingi hupinda mishipa, ndivyo alivyosema daktari, ingawa wengine huzaliwa nayo hivyo. Vidonge vya presha baba alivimeza siku za kliniki tu. Nawe kapime, usije ukasema hukuambiwa.

Sasa nije kwenye ule ujumbe uliomtumia Mzee Mfaume, kwamba kicheko chake kimemuua baba angali hai. Alimwonyesha mama. Tangu hapo anakuja kila Jumapili, anaweka machungwa mlangoni, anasema "Ugua pole, Mzee Emilian," kwa adabu kama mgeni. Baba hugeukia ukuta. Tulidhani ana kinyongo naye.

Jumapili iliyopita baba alimshika kanzu kwa mkono wa kushoto. Akahangaika, jasho likamtoka, mwisho likatoka neno: "Mbuzi." Ni neno lake la kwanza tangu arusi, kaka. Alikuwa anadai kichwa chake. Na Mfaume hakucheka. Alijifunika uso, akatoka. Nilipomfuata hadi barabarani akaniambia, "Mwanangu, mtoto mkubwa wa nyumba yenu kanifunga mdomo. Sina ruhusa ya utani tena." Baba alilia mpaka jioni, na chakula hakukigusa.

Muda mwingi ulipotelea ndani ya mishipa ya baba mwenyewe. Na ile nusu saa ya mkekani si ya Mfaume peke yake. Mimi nilikuwa namrekodi kwa simu. Ukiisikiliza ile video, kicheko cha kwanza ni changu. Sijamwambia mtu, nakwambia wewe. Ukitaka wa kumlaumu, anza na mimi.

Mama anakusalimu sana, na shangazi Bernadeta wa Ziba anamuulizia Tobia. Msalimie Jeska. Mungu awafunike huko mliko, na Bikira Maria awaombee.

Mpigie Mzee Mfaume kabla ya Jumapili. Usimwombe radhi, atazidi kunywea. Mtukane, kaka, mtukane kama mtoto wa Emilian, kisha umwambie kichwa cha mbuzi bado tunakidai.

Mdogo wako akupendaye,
Imakulata