Saa Zilizokufa Mkononi Mwako

Baba mpendwa,

Juzi mwenzangu kazini alilalamika kwamba kila saa anayoivaa inakufa, eti damu yake ina umeme. Nilimwambia aangalie betri, jasho na maji ya kufulia. Habari zako sikumwambia. Tangu tukuzike sijamwambia mtu.

Ulikuwa umetoka vitani, ukapata kazi ya kulinda geti la kiwanda upande wa Bugolobi. Saa yako ya chuma ilikuwa ikisimama kabla hujafika nyumbani Kisugu. Ukanunua nyingine ya aina hiyo hiyo, nayo ikasimama. "Mimi nakuwa na damu kali," uliwaambia majirani. "Saa inaogopa." Mama alipoivaa siku mbili ilitembea vizuri, na hapo wakaamini kabisa. Jirani mmoja akasema hiyo ni damu ya watu uliowaua. Ulimsikia, ukaendelea kunywa chai.

Mama alinituma soko la Owino kwa fundi saa, yule Mkongo mpole. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Aliitikisa, akaniwekea sikioni.

"Saa haiko na makosa," alisema. "Hii haina betri. Inajijazaka nguvu yenyewe, mukono ikitembea."

Nikarudi nikiwaza. Vifungo vya shati alikufungia mama. Kikombe ulikishika kwa mkono wa kulia tu, na ule wa kushoto, wenye saa, ulikaa mfukoni. Siku zote nilidhani ni maringo ya kijeshi.

Jumapili hiyo msimamizi wa walinzi alipita kukusalimia, akaanza kukutania kuhusu hiyo damu yako. Kwa kiherehere changu nikajibu kabla yako: "Saa ni nzima. Mkono wa baba ndio hausogei."

Msimamizi aliweka kikombe chini. "Mzee, inua mkono, tuone."

Ulijaribu. Ukaishia usawa wa tumbo, na jasho likakutoka usoni. Mama aliinuka akaenda jikoni bila sababu. Kisha ukanigeukia, ukatabasamu mbele ya mgeni.

"Huyu mtoto iko na akili sana," ulisema.

Mwezi haukuisha ukaachishwa kazi. Bunduki hushikwa kwa mikono miwili, walisema, na sikuona kosa katika hoja yao. Shule nilihamishwa, chumba tukabaki na kimoja. Hukunigombeza hata mara moja. Afadhali ungenigombeza.

Nilichelewa sana kuelewa kwamba fundi hakugundua jambo ulilokuwa hulijui. Ulijua vizuri risasi ilivyouacha mkono wako, na ulijua kwa nini saa zilisimama. Uliwaacha watu wakuite muuaji kwa sababu muuaji hafukuzwi kwenye kazi ya ulinzi.

Nilikuwa sahihi, baba, na ninajuta mpaka leo. Lala salama.

Binti yako