Jumamosi ya Mama Kerubo

Jumapili, alasiri. Buruburu, hapa Nairobi, kuna baridi ya Julai, ile inayoingia magotini na kukataa kutoka. Nina hasira, na leo sina wa kumtupia.

Wasomaji wangu wa zamani mnanijua. Kwenye safu hii nimegombana na wachungaji, wanasiasa na kila anayempelekea maskini unga huku amemwelekezea kamera. Nimeandika mara ngapi kwamba kabla ya kumsaidia mtu, kwanza umuulize anaishi vipi? Nimeandika mpaka watu wakaniita Wakili, mimi ambaye mahakamani niliwahi kuingia mara moja tu, kama shahidi.

Leo mshtakiwa ni mimi.

Kundi letu la mtandaoni la watu wa Eastlands nililianzisha mwenyewe. Lilikuwa dogo. Huyu anaonyesha sweta aliyofuma, yule anauliza fundi mzuri wa cherehani yuko wapi, mimi naeleza jinsi ya kuchagua mbuzi kwenye soko la Kiamaiko bila kuuziwa mgonjwa aliyejazwa maji tumboni. Watu walinisoma, wakabishana nami, nikafurahi.

Kisha akaja Wambui. Anaishi Tassia, ghorofa ya tano, ana miaka thelathini na kitu, na anapanda sukuma wiki na dania kwenye magunia juu ya paa. Hupiga picha za majani, si za watu. Miche anagawa bure. Mimi nikiandika aya kumi kuhusu heshima ya maskini napata majibu manne, mawili yakiwa matusi. Yeye akiandika, "Majirani, spinachi imeota," kundi zima linaamka.

Halafu ananiita Auntie.

Mwaka mzima nimemwonea wivu. Nilikuwa nikijiambia kwamba tunatofautiana kimawazo. Uongo. Tukikaa chini tuzungumze, sidhani kama kuna jambo ambalo tutatofautiana.

Jumatano aliandika kwenye kundi kuhusu Mama Kerubo, mjane aliyefagia barabara za jiji hadi akastaafu, jirani yangu wa mlango wa pili. Alikuwa ametoka tu hospitali. Wambui akapendekeza Jumamosi mchana tununue mbuzi, tumpikie pale pale mlangoni kwake, iwe sherehe ya kumshtukiza. Akamalizia hivi: "Kuna anayemjua vizuri? Kuna kitu tunafaa kujua kabla hatujaenda?"

Mimi namjua vizuri. Mama Kerubo anashika Sabato, tena kwa ukali wa watu wa zamani. Tangu jua la Ijumaa litue hadi la Jumamosi litue, kwake hapawashwi moto. Chakula cha Jumamosi hukipika Ijumaa, na kwa miaka kumi na tisa ni mimi ninayemkimbizia chumvi au kitunguu akipungukiwa, kabla giza halijaingia.

Nilisoma ujumbe huo mara mbili, nikaweka simu kifudifudi mezani.

Nilitaka Wambui aanguke. Mara moja tu, mbele ya watu, ili waone kwamba upole bila maarifa si kitu. Sikumfikiria Mama Kerubo hata kidogo.

Jana wakaja. Watu tisa, majiko mawili ya makaa, sufuria kubwa za kukodi, mbuzi ameshachinjwa na kukatwakatwa. Wakakatakata vitunguu kwenye veranda yake wakicheka. Mimi nilisimama langoni kwangu na chai yangu, kama mtu anayesubiri mpira uanze.

Mama Kerubo akarudi kutoka kanisani akiegemea fimbo, na wazee watatu wa kanisa nyuma yake, waliokuja kumwombea. Nyama ilikuwa imeanza kuchemka. Alisimama. Akayatazama majiko.

"Wanangu," akasema, "nani amewaruhusu kuniwashia moto siku ya Bwana?"

Mmoja wa wale wazee aligeuza uso pembeni. Niliiona aibu ikimpanda yule mama mpaka kwenye paji la uso, mbele ya watu wa kanisa lake, nyumbani kwake mwenyewe.

Wambui akachukua ndoo na kuyamwagia makaa maji, jiko la kwanza, la pili. Akapiga magoti kwenye moshi, kama mjukuu mbele ya bibi yake. "Shosho, tusamehe. Hatukujua."

"Hamkujua vipi? Si Mama Nekesa yuko hapa? Yeye anajua kila kitu changu."

Wote wakanigeukia. Mama Nekesa ni mimi.

Wambui alijua nimesoma. Simu humwonyesha aliyeandika nani amesoma. Akanitazama, kisha akamwambia Mama Kerubo, "Auntie amekuwa na shughuli nyingi wiki hii, Shosho. Ujumbe ulimpita."

Hata uongo wake ni wa kiungwana! Ningependa anitukane. Matusi nayajibu vizuri.

Leo wamerudi kupika. Nawasikia hivi ninavyoandika. Mama Kerubo anawakemea kwamba pilipili haitoshi, na wanacheka. Saa nane Wambui alibisha. "Auntie, supu iko tayari. Shosho anauliza uko wapi." Nikamwambia kichwa kinaniuma. Akasema pole, na nikajua anaamini, au anajilazimisha kuamini.

Mama Kerubo bado anadhani ujumbe ulinipita. Nikinyamaza, ataendelea kunipokea kila Ijumaa na chumvi yangu, aniite rafiki. Hilo ndilo nisiloweza kulivumilia.

Kwa hiyo nimeandika kwenye kundi, maneno machache kuliko yote niliyowahi kuandika: nilisoma, nilijua, nilinyamaza kwa sababu nilitaka Wambui aaibike. Nimeyatuma sasa hivi. Huko nje kicheko kimekatika.

Navaa viatu. Nitamwambia Mama Kerubo kwa mdomo wangu kabla hajasomewa na mwingine. Bado namwonea Wambui wivu, na hilo pia nitalisema, yeye akiwa amekaa pale pale.