Kisumu Mpaka Nairobi, Kiwiko kwa Kiwiko na Mke wa Mwana

Mama Ombati,

Hujambo wewe na goti lako? Mvua inanyesha hapo Ikonge? Kabla hujajibu, teremsha roho: mjukuu wetu ni mzima. Harage alilovuta kwa pua hadi kifuani limetoka. Sasa kaa, na huyo mzee wa kanisa anayekusomea asiruke mahali ninapojisifu.

Anayeniandikia ni Mutua, jirani ya kijana wetu. Ninalala kwake, maana baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata Nairobi. Kikwetu hajui, ndiyo unaona Kiswahili.

Unakumbuka daktari wa Kisii alisema basi litakula siku nzima, na kila shimo litasukuma harage ndani zaidi. Ndege, hata saa moja haiishi. Usilojua ni hivi: huko Kisumu walituweka pamoja, mimi na Moraa, mke wa mwana wangu, mtoto mapajani mwake, kiwiko kwa kiwiko! Nikamwita msichana wa ndege.

“Binti yangu, mimi nitasimama.”

“Mzee, huku hakuna kusimama.”

“Basi nikae na dereva.”

“Mzee, funga mkanda!”

Moraa akageukia dirisha. Mimi nikageukia mwenye koti ng'ambo ya njia, nikamwanzia hadithi ya chui niliyemuua Nyamarambe. Chui hajatoka kichakani, ndege ikaanguka kama ndoo kisimani. Na ile filimbi ya kifua cha mtoto, iliyotunyima usingizi, ikanyamaza.

“Baba, hapumui!”

Mkono ukashika mkono. Moraa atakuambia wangu ndio ulianza. Mutua, andika ni wake. Tukamlaza mtoto kifudifudi juu ya magoti yangu, kichwa chini, nikampiga mgongo. Akakohoa. Filimbi ikarudi! Sijakumbuka hata kuona aibu, magurudumu yamegusa Nairobi.

Kwa basi, mama, hata Kericho tungekuwa hatujafika.

Hospitalini wakapitisha bomba kooni, wakalitoa harage. Limevimba kama jicho la fahali. Mutua anabisha, lakini yeye hakuwepo. Nilimwambia daktari angeniazima bomba ningelitoa mwenyewe.

Wazee wakisema nimevunja chinsoni, kwamba baba mkwe hagusi mke wa mwana, waulize kule juu ni kijiji cha nani. Wakitaka mbuzi, wachukue wa kaka yangu. Msalimie huyo kaka, anayeogopa hata ngazi. Salimia mama yake Moraa kule Mosocho, mwambie alale.

Leo Moraa ameleta chai, akaweka juu ya jiwe, akarudi nyuma macho chini kama inavyotakiwa. Nimekunywa. Mtoto analia huko ndani tangu asubuhi, kelele mpaka barabarani. Mutua ameuliza aende awaambie wamnyamazishe. Nimemwambia athubutu.

Ni mimi mzee wako, niliyekuwa juu.